Mibiringanya Iliyopauka: Utitiri Uliofuata Dawa ya Vidukari

Bustani ya kisa hiki iko nyuma ya nyumba: matuta manne ya mboga, mawaridi kando ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na njia ya udongo mtupu inayokata katikati hadi lango la nyuma. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama mwenye mazoea ya kuandika kila kitu. Daftari lake lina tarehe za kupanda, za kumwagilia, za mbolea na za dawa. Lenzi ilinitajia mharibifu. Sababu ya uharibifu nilikuja kuikuta kwenye daftari.

Alichokiona yeye ni hiki. Majani ya chini ya mibiringanya yalianza kupauka wakati mwanzo wa kiangazi ulipokuwa umeshapita na jua limekaza. Hayakugeuka manjano. Yalikuwa na vidoa vidogo mno vyeupe-vyeupe, vingi kwenye pembe za mishipa, na kwa mbali jani zima lilionekana kama limepakwa vumbi lisilofutika. Mwalimu alidhani mimea ina njaa, akaweka urea. Kwa siku chache machipukizi yalikolea kijani, akatulia. Kisha majani yale ya chini yakaanza kukauka kingo, yakajikunja, yakadondoka. Maharage ya tuta la pili yakafuata mkondo huohuo, na waridi moja karibu na ukuta likabaki na majani ya juu tu. Aliponiita alikuwa ameshaamua kwamba ni virusi, na alitaka mtu wa kumwambia "ng'oa" ili roho itulie.

"Mwalimu, shikamoo. Kabla hatujang'oa, tugeuze jani kwanza."

"Marahaba mwanangu. Nimeshayageuza. Sioni kitu, labda macho yangu."

Macho yake hayakuwa na kosa. Jike mzima wa utitiri ana urefu wa karibu nusu milimita, na yai lake ni dogo zaidi ya hapo mara tatu au nne. Mtu mwenye macho mazuri, kwenye mwanga mzuri, huona nukta tu, na nukta hazimwambii lolote mtu anayetafuta mdudu mwenye umbo la mdudu.

Kilichokuwa chini ya jani

Njia ya haraka ni karatasi nyeupe. Niliiweka chini ya tawi, nikaligonga tawi mara mbili tatu, nikangoja. Nukta zilizoanguka zilikaa kimya kidogo, kisha baadhi zikaanza kutembea. Ukizipangusa kwa kidole huacha mchirizi wa rangi, wa kijani au wa hudhurungi, kwa sababu tumbo lao limejaa kile walichokifyonza kwenye jani. Mwalimu alichukua karatasi, akaisogeza karibu na uso, akasema "kumbe" mara moja, kisha akanyamaza.

Kwa lenzi inayokuza mara kumi, jani la mbiringanya lilikuwa na mji mzima. Majike wa rangi ya kijani iliyofifia kuelekea njano, kila mmoja na doa jeusi kila ubavu. Mayai ya mviringo, meupe yenye kupitisha mwanga, yamebandikwa kando ya mishipa na mengine yamening'inia kwenye nyuzi. Watoto wenye miguu sita, wakubwa wenye miguu minane. Magamba matupu meupe yaliyovuliwa, mengi kiasi kwamba mtu angeweza kuyadhania ni ukungu. Na kulikuwa na kitu ninachopenda kumwonyesha mtu anayetazama kwa mara ya kwanza: jike mchanga akiwa ametulia tuli, miguu imekunjwa, anangoja kujivua gamba la mwisho, na pembeni yake dume mdogo mwenye tumbo lililochongoka amekaa zamu. Akitokea dume mwingine wanagombana. Jike akishatoka tu kwenye gamba, anapandwa.

Huyo ni utitiri wenye madoa mawili, Tetranychus urticae, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1836 na anayejulikana kula zaidi ya aina elfu moja za mimea. Ni wa ukoo mmoja na buibui na kupe, na hilo lina uzito wake katika kisa hiki: dawa nyingi za wadudu wa bustanini zimetengenezwa kwa ajili ya wadudu wa miguu sita, na utitiri hauhesabiwi humo. Unachoma chembe za jani moja moja kwa mdomo wake wa sindano na kufyonza kilichomo, kijani pamoja na vyote. Kila doa jeupe ni kundi la chembe zilizobaki maganda. Jani likishatobolewa hivyo halirudi kuwa kijani hata utitiri wote ukifa, na hili nililirudia mara nyingi, kwa sababu mtu anayengoja jani la zamani lirudi rangi atapiga dawa bila kikomo.

Magonjwa yaliyofanana nayo niliyaondoa moja moja. Upungufu wa nitrojeni hulifanya jani la chini kuwa njano kwa usawa, na hauachi vidoa. Virusi huja na mabaka, kukunjamana na kudumaa kwa majani machanga, ilhali hapa majani machanga yalikuwa mazima. Vithiripi nao huacha jani likimetameta kama fedha na vinyesi vyeusi vidogo juu yake, hivyo havikuwepo. Utando mwembamba kati ya jani na kikonyo, uliokuwa umeanza kwenye maharage, ulifunga mjadala. Ningependa kusema kwamba utando ndio dalili ya kutafuta, lakini ukishauona kwa macho umechelewa.

Daftari

Hapa ndipo watu wengi huishia: mharibifu amejulikana, itafutwe dawa yake. Nadhani ni kosa. Utitiri huwa upo kwenye bustani karibu zote, kwa idadi ndogo, kwenye magugu na kwenye majani makuukuu, na mwaka nenda mwaka rudi hakuna anayejua kama upo. Swali la maana lilikuwa: mwaka huu kimebadilika nini?

Daftari lilisema hivi. Mwanzoni mwa kiangazi vidukari walijaa kwenye ncha za maharage. Mwalimu alipiga dawa ya jamii ya piretroidi, ile inayouzwa kwa wadudu wa aina zote. Vidukari walikufa siku hiyohiyo. Bomba lilibaki na dawa, na kwa kuwa hapendi kumwaga, akaipitisha kwenye mibiringanya na mawaridi "ili isipotee". Hayo ni maneno yake mwenyewe kwenye daftari. Siku kumi baadaye akarudia, kama kinga. Zilipotimia wiki mbili nyingine akaandika "biringanya zimepauka", chini yake "urea", na wiki iliyofuata "vidudu vidogo? nimepiga tena".

Nilimwomba anionyeshe hasa alikopita na bomba. Alinipeleka tuta kwa tuta, na tulipofika mwisho wa tuta la tatu akasema, "Hapa dawa iliniishia." Mibiringanya miwili ya mwisho haikuwahi kupata tone. Nililigonga tawi la mmojawapo juu ya karatasi. Nukta zilianguka chache. Kati ya hizo chache, mbili zilikuwa na rangi ya chungwa, umbo la peasi, zinang'aa, na zilikimbia. Utitiri unaokula majani huzurura taratibu. Unaokimbia hivyo kwa kawaida ni utitiri mwindaji, unaokula mwenzake. Chini ya jani moja la mmea huohuo palikuwa na kijibuu cheusi chenye manyoya na mbawakawa mweusi asiyezidi kichwa cha pini, wa jamii ya Stethorus, ambaye karibu maisha yake yote anakula utitiri tu. Kwenye mibiringanya iliyopigwa dawa nilitafuta sana. Sikupata hata mmoja wao.

Basi mlolongo ulikuwa huu. Dawa iliwaua vidukari, na pamoja nao ikawaua wawindaji wote waliokuwa wakikaa kwenye majani yale. Mabaki ya piretroidi hukaa kwenye jani kwa muda na kuwazuia wengine kurudi. Utitiri wenyewe uliguswa kidogo: mayai hayakudhurika, wengi wa wakubwa walikuwa upande wa chini ambako dawa haikufika vizuri, na walioguswa bila kufa walihangaika na kusambaa kwenye majani mapya. Mara ya pili ilifanya kazi hiyohiyo kwa wawindaji wachache waliokuwa wameanza kurejea. Mara ya tatu ilipigwa kwa ajili ya utitiri wenyewe, nao ukaipokea kama neema.

Tuweke hesabu kidogo. Joto likiwa karibu na nyuzi 30, yai la utitiri hufika utu uzima kwa muda wa wiki moja hivi, na jike huweza kutaga mayai mia moja au zaidi maishani mwake. Karibu robo tatu ya watoto huwa majike. Kwa hiyo, kwenye karatasi, jike mmoja ana mabinti 75, na wajukuu wa kike 5,625. Shambani haifiki hivyo, kwa sababu wengi huliwa, huoshwa na mvua au hufa njaa. Lakini toa walaji wake, toa mvua, na hesabu ya karatasi inaanza kusogea karibu na ukweli. Tena jike asiyepandwa hutaga pia. Mayai yake hutoa madume tu, na anaweza kupandwa na mwanawe mwenyewe akaanzisha kizazi kizima. Mmoja aliyepeperushwa na upepo kwenye uzi wake anatosha kuanzisha ukoo.

Wakulima wa matufaha wa Ulaya na Amerika Kaskazini walilipitia jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Kabla ya Vita Kuu ya Pili utitiri ulikuwa kero ndogo kwao. Dawa ya wadudu ya DDT ilipoingia mashambani baada ya 1945, viwavi na nondo walipungua, na utitiri ukapanda hadi kuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa bustani za matunda. Waliouawa ni waliokuwa wakiuzuia. Mwalimu alilielewa hilo upesi kuliko nilivyotarajia: "Yaani nimefukuza paka, nikashangaa panya." Sikuwa na la kuongeza.

Yaliyochochea

Dawa haikuwa peke yake. Njia ya udongo mtupu ilikuwa ikitimua vumbi kila mtu alipopita, na mistari iliyo kando yake ndiyo iliyoharibika zaidi. Vumbi juu ya jani huwasumbua wawindaji kuliko linavyousumbua utitiri. Ukuta uliopokea jua la alasiri uliongeza joto kwenye mawaridi, na joto kavu ndilo hufupisha kizazi cha utitiri. Umwagiliaji ulikuwa wa kumwaga maji kidogo kila jioni juu juu, kiasi kwamba udongo chini ya kiganja ulikuwa mkavu. Mmea wenye kiu huumizwa na utitiri zaidi. Na urea ilikuja wakati mbaya kabisa: nitrojeni nyingi hulifanya jani kuwa chakula bora, na majike hutaga zaidi juu yake.

Nikiri kwamba mibiringanya miwili ya mwisho wa tuta, ambayo naitegemea sana kama ushahidi, ilikuwa pia mbali na njia ya vumbi. Mtu mkali anaweza kusema ni vumbi, si dawa. Lakini waridi la mwisho kabisa, nalo lililo mbali na njia, lilipata dawa na lilikuwa limejaa. Kwa hiyo vumbi naliweka nafasi ya pili.

Tuliyoamua

Jambo la kwanza lilikuwa rahisi kulisema na gumu kwake kulikubali: hakuna tena dawa ya piretroidi, kwa mdudu yeyote, mpaka msimu uishe. Alikuwa na chupa zaidi ya nusu.

Maharage yalikuwa yamekwisha kuzaa na yalikuwa na utando. Tuliyang'oa. Hapa namna ya kung'oa ina maana kuliko kung'oa kwenyewe. Ukiyaburuta maharage yaliyojaa utitiri kuvuka bustani unausambaza kwa mkono wako, kwa sababu mmea ukianza kunyauka utitiri hupanda kwenye ncha na kungoja upepo au nguo ya mtu. Tulikata kila shina chini, tukaliingiza kwenye mfuko palepale lilipokuwa, tukafunga mdomo wa mfuko na kuuacha juani. Kazi hiyo ilifanywa mwisho wa siku, baada ya kumaliza kushika mimea mizima, na nguo zikafuliwa.

Kwenye mibiringanya tulichuma majani ya chini yaliyokuwa yamekauka zaidi ya nusu na kuyaacha mengine. Hamu ya kuvua mmea wote ni kubwa, lakini jani lenye vidoa bado linafanya kazi, na mmea uliovuliwa kwenye jua kali unaungua matunda.

Kisha maji. Kila asubuhi, kijana wake, mpwa anayekaa naye, alipita na mpira wa maji wenye kichwa cha kubana, akiosha upande wa chini wa majani kwa nguvu ya kutosha kulitikisa jani bila kulichana. Watu hulidharau jambo hili kwa sababu halina chupa wala lebo. Maji huangusha wakubwa, huvunja utando, huondoa vumbi, na yanaongeza unyevu ambao utitiri hauupendi. Asubuhi ni kwa sababu jani likauke kabla ya usiku. Jani linalolala na maji hukaribisha ukungu.

Baada ya hapo sabuni. Tulitumia sabuni ya maji isiyo na viongeza vya kung'arisha wala manukato, kati ya mililita 10 na 20 kwa lita moja ya maji, tukaanza na kile kiwango cha chini. Sabuni ya unga ya kufulia siikubali kwenye majani, kwani ni kali na vipimo vyake ni vya kubahatisha. Sabuni haiui kwa sumu ya kudumu. Inaua ule inaougusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka kazi yake imekwisha. Kwa hiyo pua ya bomba lazima ielekee juu, kutoka chini ya jani, mpaka matone yaanze kudondoka. Ukipulizia juu ya jani kama watu wengi wafanyavyo, umeosha jani. Mayai kwa sehemu kubwa hayafi, na ndiyo maana inarudiwa baada ya siku nne au tano, wakati yaliyoanguliwa bado ni watoto na hayajaanza kutaga. Mara tatu kwa mpangilio huo ni bora kuliko mara moja kwa sabuni nzito. Faida nyingine ni kwamba mwindaji anayefika kesho yake hakuti sumu.

Tulijaribu kwanza kwenye majani machache na kungoja hadi siku ya pili. Mibiringanya haikuonyesha dhara. Mpwa, kwa hamu yake, alirudia zamu moja saa sita mchana kwenye mawaridi, na kingo za majani machanga ziliungua zikawa hudhurungi. Sabuni, mafuta ya mwarobaini na salfa vyote huunguza jua likiwa kali, na salfa haifai kabisa joto likikaribia nyuzi 32, wala haipigwi ndani ya wiki mbili kabla au baada ya mafuta.

Mwalimu aliuliza kuhusu maji ya pilipili na vitunguu saumu ambayo jirani alimsifia. Mara nyingi mchanganyiko huo huwekwa sabuni kidogo "ili ishike". Nionavyo mimi, sabuni ndiyo inayofanya kazi na pilipili inapokea sifa. Mafuta ya mwarobaini ni jambo jingine. Yale yaliyokamuliwa na kuchanganywa vizuri hufunika utitiri na mayai pia, na tuliyaweka kando kama hatua ya pili ikiwa sabuni ingeshindwa kwenye mawaridi.

Abamektini tuliijadili kwa urefu, maana kila muuza dawa angeitaja. Inatokana na bakteria wa udongoni aliyepatikana Japani, na ugunduzi wa kundi hilo la dawa ulichangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Inaua utitiri kwelikweli, na hupenya jani kutoka juu hadi chini, jambo ambalo sabuni haiwezi. Lakini inapokuwa mbichi huua wawindaji na nyuki, ina siku za kungoja kabla ya kuchuma ambazo lebo huzitaja na lazima zitimizwe, na mibiringanya ile ilikuwa ikichumwa kila baada ya siku chache. Kuna pia suala la usugu. Utitiri wa madoa mawili umerekodiwa kuwa sugu dhidi ya viambata zaidi ya 90 vya dawa, na hakuna kiumbe mwingine wa kula mimea anayeuzidi kwa hilo. Ulipochorwa mpangilio wa jeni zake mwaka 2011, ulikutwa na akiba kubwa ya jeni za kuvunja sumu, ambazo kiumbe anayekula mimea elfu moja yenye kemikali tofauti hana budi kuwa nazo. Anayeshindana nao kwa dawa moja, akiirudia, anauchagulia wazazi. Tuliiacha dukani.

Wawindaji wa kununua wapo pia. Phytoseiulus persimilis amekuwa akifugwa na kuuzwa kwa wenye nyumba za kioo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mahali penye unyevu wa kutosha humaliza utitiri kwa kasi ya ajabu, kisha naye hufa kwa kukosa chakula. Kwenye bustani ya wazi, kavu, yenye mabaki ya piretroidi juu ya majani, ingekuwa kumtupa. Na tulikuwa na wa bure mwisho wa tuta la tatu.

Njia ya udongo ilifunikwa kwa nyasi kavu na majani yaliyokatwa. Matuta nayo yaliwekwa matandazo, na umwagiliaji ukabadilishwa: maji mengi kwa pamoja, yafike kwenye mizizi, kisha siku za kupumzika. Urea ilisimama.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza haikuonyesha kitu cha kumfurahisha mtu. Majani yenye vidoa yalibaki na vidoa, kama nilivyosema, na Mwalimu aliandika "hakuna mabadiliko" kwa herufi kubwa. Ndiyo maana tulikubaliana kipimo kingine: majani mapya yaliyofunguka baada ya sabuni ya kwanza, yaliyowekewa alama ya uzi. Hayo yalibaki safi, au yalipata vidoa vichache tu karibu na kikonyo. Mtu asipojiwekea alama kama hiyo atahukumu kwa majani ya zamani na kukata tamaa wakati ambapo mambo yanakwenda vizuri.

Kwenye karatasi, nukta za mibiringanya ya kati zilipungua baada ya sabuni ya pili, zikapungua tena baada ya ya tatu. Halafu mvua ikanyesha mapema kuliko kawaida, siku mbili mfululizo, na idadi ikaanguka ghafla. Siwezi kuipa sabuni sifa zote. Mvua nzito huosha utitiri vizuri kuliko mpira wowote, na kama ingenyesha mwanzoni huenda nisingeitwa. Ninachoweza kukisimamia ni kilichotokea baada ya mvua. Kwa kawaida jua likirudi utitiri hupanda tena, na mimi nilitarajia hivyo. Safari hii ulipanda kidogo ukasimama, na mbawakawa weusi wadogo walikuwa wameshasogea hadi katikati ya tuta. Nukta za chungwa zinazokimbia zilionekana kwenye kila karatasi.

Mawaridi yalikuwa hadithi tofauti. Ukuta uliendelea kuwa tanuri, majani ni mengi na mazito, na bomba halifiki ndani ya kichaka. Tuliyapogoa yale mawili mabaya zaidi na kuyaacha yaliyobaki na utitiri wake. Mwalimu hakupenda. Nilimweleza kwamba wawindaji hawakai mahali pasipo chakula, na mawaridi yenye utitiri wa wastani yangewaweka hai hadi mboga za msimu ujao zipandwe mita chache kutoka hapo. Bado hapendi, lakini ameyaacha.

Vidukari nao walirudi kwenye maharage mapya, kama walivyotarajiwa. Mara hii mpwa aliwaosha kwa maji na kuzibana kwa vidole ncha zilizojaa zaidi. Wachache walibaki, na juu yao wakatokea mabuu ya kuwala. Chupa ya piretroidi bado iko kwenye rafu, na kwenye daftari, kwa mwandiko wa Mwalimu, imeandikiwa masharti: ipigwe tu kwa mmea mmoja uliozidiwa, kamwe isipitishwe kwa mingine kwa sababu imebaki.

Ukaguzi ulioachwa ni mfupi. Kipindi chote cha jua, mara moja kwa wiki, karatasi nyeupe chini ya majani ya chini ya mibiringanya iliyo upande wa ukuta, kwa sababu huko ndiko huanzia. Nukta zinazotembea taratibu zikiwa chache na zinazokimbia zipo, hakuna la kufanya. Zinazotembea zikizidi na hakuna inayokimbia, mpira wa maji siku hiyohiyo, na sabuni asubuhi inayofuata.